Chupa ya mayonezi: kisa cha Amorim vile tulikifwata huku Katuba

Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 2024, siku Manchester United walimtangaza Ruben Amorim, yaya, yani mkubwa wetu mwenye nyumba ya video tunamoangaliaga mpira hapa Katuba, Lubumbashi, alitoa kaye (daftari) ya shule, akaandika juu AMORIM kwa bic nyekundu, akasema kila muntu aandike tumaini moja, moja tu, na atoe 500 falanga. Tulikuwa bantu 17. Ikatoka 8500, tukaitia ndani ya chupa ya mayonezi iliyooshwa vibaya (mpaka leo noti zile bado ninazisikia harufu), na mapatano yakawa chupa haifunguliwi mpaka mkataba wa kocha uishe, mwezi wa 6 mwaka 2027. Wale matumaini yao yatakuwa yametimia watagawana.

Chupa ilifunguliwa mapema, nitafika pale.

Naandika kisa hiki sababu tangu afukuzwe nasikia maneno mawili tu hapa Lubumbashi, wengine wanasema Amorim alikuwa kichwa ngumu, wengine wanasema wachezaji ni wavivu, na mi nimeirudilia ile kaye ukurasa kwa ukurasa naona yote mawili yanatuachilia sisi masupota bila kosa. Kati ya bantu 17, kumi na sita tuliandika juu ya kocha au juu ya kombe. Mmoja tu, mudogo anayechezaga beki ya kuume kwenye timu ya kartié (mtaa), ndiye aliandika juu ya mchezaji. Aliandika: "Dalot atachoka." Tulimcheka sana.

Kwanza tuseme hali ilikuwaje. Ten Hag, kocha aliyekuwa mbele ya Amorim, alikuwa amebeba Kombe la FA mwezi wa 5 mwaka 2024, akawapiga Manchester City 2-1 kwenye fainali, mwezi wa 7 mabosi wakamuongezea mkataba, na tarehe 28 mwezi wa 10 wakamfukuza, timu ikiwa ya 14, kesho yake ya kupigwa 2-1 na West Ham. Yani muntu unamuongezea mkataba halafu hata miezi minne haiishi unamtoa. Hapa ndipo kisa kinaanzia kwa kweli, haiko kwa Amorim. Na yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba alitaka kuja mwisho wa msimu, klabu ikamwambia ni sasa ao hapana. Kwa hiyo alishuka katikati ya msimu, hakuna muda wa mazoezi, mechi kila siku tatu, na wachezaji walionunuliwa kwa mchezo wa mwingine.

Lakini sisi hatukuona hivyo, na mi nakubali hatukuona. Sababu tarehe 5 mwezi wa 11, siku nne tu baada ya kaye kufunguliwa, Amorim alikuwa bado na Sporting ya Ureno na akawapiga Manchester City 4-1 Champions League, Gyökeres goli tatu. Muntu hajafika kwetu bado na ameisha kutupigia adui! Usiku ule jenereta ilikuwa inanguruma, mama wa karanga amefunga mbabula yake na kuingia ndani kuangalia, na wenzetu watatu wakaomba kaye wafute tumaini la kwanza waandike kubwa zaidi. Mmoja alikuwa ameandika "top 6", akafuta akaandika "champion 2026". Nimeona ile alama ya kufuta jana, karatasi imetoboka.

Halafu kulikuwa na sifa zake za kweli, haikuwa uongo. Alikuwa na miaka 39. Sporting walikuwa wamekaa miaka 19 bila ubingwa wa Ureno, akawapa 2021, akawapa tena 2024. Muntu anayejua klabu kubwa iliyolala na namna ya kuiamsha. Kwa supota wa United hiyo ndiyo dawa yenyewe, tangu Ferguson aondoke 2013 tumeona Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Rangnick, Ten Hag, kila moja na dawa yake.

Sasa mchezo wake. 3-4-3: mabeki watatu nyuma, wawili katikati, wawili pembeni wanaopanda na kushuka mstari mzima, watatu mbele lakini wale wawili wa kando wanaingia ndani, hawakai kwenye mstari. Ukiangalia vizuri unaona winga wa kawaida, yule wa kushika mpira pale kwenye chaki na kumchezea beki, hana kiti. Na United ilikuwa na nini? Ilikuwa na mawinga. Rashford, Garnacho, Antony, na Sancho ambaye alikuwa ameisha kuazimwa Chelsea. Pesa nyingi sana zililala kwenye mawinga. Wale wa pembeni wa kupanda na kushuka, yani kazi ngumu kuliko zote kwenye mchezo huo, tulikuwa nao Dalot anayetumia kuume, Mazraoui anayetumia kuume, na Shaw wa kushoto ambaye mwili wake unamsumbua kila msimu. Wan-Bissaka, mtoto wetu wa Kongo, alikuwa ameisha kuuzwa West Ham mwezi wa 8. Kwa hiyo Dalot akakimbia kuume, akapelekwa kushoto, akarudishwa kuume, na mudogo wa kartié akawa ananyamaza tu anatuangalia.

Mechi ya kwanza, Ipswich, tarehe 24 mwezi wa 11. Rashford akafunga dakika ya pili, watu wakaruka mpaka benchi moja ikavunjika mguu, na kabla ya mapumziko Ipswich wakarudisha, 1-1 mpaka mwisho. Baada ya mechi Amorim akasema wazi kwamba tutateseka kwa muda mrefu. Tulipiga makofi! Tukasema huyu ni mkweli. Hatukumusikia, tulisikia sauti tu, kama vile unavyosikia padri anaposema utakufa, unaitika amina na unaenda kula bukari.

Mwezi wa 12 alitupa City kwao, 2-1, penati ya Bruno dakika ya 88 na Amad dakika ya 90, na hiyo ilitosha kutufunga macho Noeli nzima, hata vile tulipigwa na Bournemouth 3-0, Wolves 2-0 na Newcastle 2-0, mfululizo. Mwezi wa 1 akasema labda hii ndiyo timu mbaya kuliko zote kwenye historia ya United. Sasa kocha ukisema vile mbele ya waandishi, wachezaji nao wana televizyo nyumbani.

Nimefanya hesabu moja kwenye kaye, na hesabu hii ndiyo ilinifanya niandike. Msimu ule Amorim aliongoza mechi 27 za ligi. Pointi alizopata: 27. Ushindi 7, sare 6, kupoteza 14. Ni pointi moja kwa mechi, kama muntu anayechota maji kwa kikombe huku ndoo imetoboka. Timu ikamaliza ya 15, pointi 42, mbaya kuliko misimu yote tangu ule wa 1974 waliposhuka daraja.

Hapo ndipo muzee wetu wa reli alipoanza na Ferguson. Huyu muzee ni wa Lupopo kabisa, timu ya hapa Lubumbashi, amefanya kazi kwenye treni maisha yake yote, United ni bibi wa pili tu. Kila tukilalamika anasema, "Batoto, Ferguson alipewa wakati." Na ni kweli Ferguson alikuja mwezi wa 11 mwaka 1986, kama Amorim mwezi wa 11, na kombe la kwanza alipata 1990. Lakini kuna kitu muzee anakirukaga. Msimu wa kwanza kamili wa Ferguson, 1987-88, alimaliza wa 2. Halafu akaanguka, 11, kisha 13. Yani bosi wake alikuwa ameisha kuona kwamba muntu huyu anajua, ndipo wakamvumilia alipokwama. Sisi tulikuwa tunamvumilia muntu ambaye alikuwa bado hajatuonyesha kitu kwenye ligi. Nilimwambia muzee hivyo akanijibu, "Na mi ninangojea Lupopo tangu 2009, wewe unanifundisha kungojea?" Nikanyamaza, hapo nilikuwa sina jibu.

Na kwa sababu tuko Lubumbashi lazima niweke Mazembe, wapinzani wa Lupopo hapa mjini, ijapo muzee ataondoka kwenye benchi. Kocha Carteron alikuja Mazembe 2013. Mwaka ule ule akafika fainali ya Kombe la Shirikisho, akaikosa kwa Sfaxien. 2014 akafika nusu fainali ya Champions League, Sétif wakamtoa kwa goli la ugenini. 2015 akabeba, USM Alger 2-1 kwao na 2-0 hapa Kamalondo. Tulimlaumu ile miaka miwili, nakumbuka vizuri, mi mwenyewe nilisema arudi kwao. Lakini ukiangalia, kila mwaka ngazi inapanda, na alikuta nyumba imesimama: Kidiaba yuko golini, Samatta yuko tangu 2011, na bosi ni mmoja, akisema kitu kinafanyika. United bosi ni nani? Familia ya Glazer wana hisa nyingi, Ratcliffe ana zaidi kidogo ya robo na ndiye anaongoza mambo ya mpira, mkurugenzi wa michezo Ashworth alikuja mwezi wa 7 akaondoka mwezi wa 12 mwaka ule ule. Kocha anajenga kwenye kiwanja ambacho wenye kiwanja wanabadilishana funguo.

Turudi kwenye chupa.

Kulikuwa na mlango mmoja ulibaki wazi, Europa League. Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka, tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2025, Lyon pale Old Trafford. Tulikuwa tunaongoza 2-0, wakarudisha zote mbili, wakapata kadi nyekundu, na kwenye muda wa nyongeza, wakiwa kumi, wakaongeza mbili, 4-2. Ilikuwa dakika ya 109. Nusu ya watu walitoka, nikabaki na muzee, mudogo, na mama wa karanga ambaye alikuwa ametoka misa amevaa kitenge cha parokia. Bruno penati, 4-3. Mainoo dakika ya 120, 4-4. Maguire kwa kichwa, 5-4. Mama alimwaga sahani nzima ya karanga. Waliotoka walisikia kelele wakarudi wanakimbia, wakakuta sisi wanne tunakumbatiana chini, wakaanza kuuliza nani amefunga, hakuna mwenye sauti ya kujibu. Nasema ukweli, kama ningeambiwa nichague kati ya usiku ule na nafasi ya nne kwenye ligi, bado ningechagua ule usiku. Labda na hiyo ni sehemu ya ugonjwa wetu.

Bilbao wakapigwa 3-0 kwao na 4-1 kwetu, na fainali ikawa Tottenham, tarehe 21 mwezi wa 5, pale pale Bilbao. Kwenye kaye bantu 12 walikuwa wameandika Champions League, na fainali hii ilikuwa njia peke ya kufika. Umeme ulikatika saa sita mchana. Saa moja jioni haujarudi. Jenereta ipo lakini esansi hakuna, na yaya akasema hana pesa, wiki ile watu waliangalia kwa deni. Ndipo macho yote yakaenda juu ya kabati, kwenye chupa. Tulipiga kura kwa kuinua mkono. Mudogo alikataa, akasema ile pesa ni yake, sababu Dalot amechoka kweli, aliumia mguu mwezi wa 4. Tukamshinda 16 kwa 1. Zile 8500 zilinunua lita mbili na kidogo.

Kwa hiyo pesa ya matumaini yetu tuliichoma ndani ya jenereta tuangalie Brennan Johnson anasukuma mpira dakika ya 42, ukamgusa Shaw, ukaingia. Højlund alipiga kichwa, Van de Ven akautoa kwenye mstari miguu juu kama anaendesha baiskeli hewani. 1-0. Tottenham walitupiga mara nne msimu ule, nao walimaliza ligi wa 17, chini yetu! Esansi iliisha kabla hawajainua kombe, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika giza.

Msimu wa pili nitaupitia haraka, sababu ni kisa kile kile na nguo mpya. Wakanunua mbele: Cunha, Mbeumo, Šeško, zaidi ya paundi milioni 190 kwa watatu, na kipa Lammens. Rashford akaenda Barcelona kwa mkopo, Garnacho Chelsea, Antony Betis, Sancho Aston Villa. Mawinga wote wanne kwisha. Katikati na pembeni hawakununua muntu wa maana. Tarehe 27 mwezi wa 8 Grimsby, timu ya daraja la nne, wakatutoa Kombe la Ligi kwa penati 12-11, na Amorim kwenye benchi anasogeza vile vidude vya kwenye kibao cha mbinu, mvua inamnyeshea. Picha ile ilizunguka kwenye kila simu ya mji huu. Mwezi wa 9 akaulizwa kama atabadilisha mfumo, akasema hata Papa hawezi kumbadilisha. Mama wa karanga alikasirika sana. "Papa aiko muntu wa kutaja kwa mambo ya mupira," akasema, na tangu siku ile akawa anamtakia mabaya waziwazi.

Mwezi wa 10 ukawa mzuri: Sunderland, Liverpool kwao 2-1 (tulikuwa hatujashinda pale kwenye ligi tangu 2016), Brighton 4-2, akawa kocha bora wa mwezi. Ratcliffe naye akasema anampa miaka mitatu. Nikamwambia muzee, unaona, ile kungojea kwako. Halafu tarehe 24 mwezi wa 11, mwaka mmoja kamili tangu Ipswich, Everton wakaja Old Trafford, Gueye akampiga kofi mchezaji mwenzake, kadi nyekundu dakika ya 13, na wakiwa kumi wakatufunga 1-0.

Lakini siku yenyewe ya kisa, kwangu mi, ni tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2025. Mbeumo, Amad na Mazraoui wameenda CAN (Kombe la Afrika) kule Morocco, watu wamepunguka, na Amorim akapanga mabeki wanne. Yule yule wa Papa! Dorgu akacheza mbele zaidi, akafunga, tukawapiga Newcastle 1-0. Tulifurahi kuliko ushindi wenyewe, tukasema sasa amefunguka. Siku nne baadaye wakaja Wolves, wa mwisho kwenye ligi, wenye pointi 2 tu tangu msimu uanze. Akarudisha watatu nyuma. 1-1, uwanja wake mwenyewe ukamzomea. Hapo nilijua. Mfumo ni kitu cha kawaida, Wolves angeweza kuwapiga kwa mfumo wowote. Lakini alikuwa ameisha kuonyesha kwamba anaweza kubadilisha, kwa hiyo ile ya Papa haikuwa imani tena, ilikuwa haya ya kuonekana ameshindwa.

Tarehe 4 mwezi wa 1, Leeds 1-1, akasema alikuja kuwa meneja, haiko kocha tu, yani na mabosi hawaelewani. Kesho yake asubuhi wakamtoa. Timu ilikuwa ya 6. Mechi 47 za ligi, ushindi 15. Ile miaka mitatu ya Ratcliffe ilidumu miezi mitatu.

Kwa kaye: "champion 2026" hapana. Champions League, bantu 12, hapana. "Atapiga City", mmoja tu aliandika, ndiyo. Na "Dalot atachoka".

Mwezi ule ule wa 1 mwaka 2026 Carrick, mchezaji wa zamani wa United, akaletwa mpaka mwisho wa msimu, mabeki wanne, Mainoo ambaye Amorim hakumuanzisha hata mechi moja ya ligi msimu ule akarudi katikati, na tukapiga City 2-0, tukaenda kwa Arsenal tukawapiga 3-2. Jumapili ile ya Arsenal yaya aliitoa kaye tena. Bic nyekundu imekauka, akaandika CARRICK kwa bleu, na bei imepanda, 1000 falanga. Wote tukaingiza mikono mifukoni kama vile hatukuona chochote. Muzee aliandika "wakati". Mi niliandika "beki wa kushoto", ndicho kitu nimejifunza.

Mudogo alikataa kuandika mpaka arudishiwe zake 500 za zamani pamoja na sehemu yake ya ushindi, yeye na yule wa City, ambaye naye sasa ameamka anadai. Yaya anasema waende waidai jenereta. Mpaka naandika hapa bado wanabishana.